Uzi: Feriki kloraidi ya kuchongea bodi, sufuria iliyotoboka na kisima cha mwenye nyumba

#1 Fundi_Nkuhungu

Mbukwa wakuu.

Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme, kibanda changu kipo Nkuhungu hapa Dodoma. Redio na feni siku hizi hazilishi mtu. Kinachonilisha ni bodi za kudhibiti joto za mashine za kutotolesha vifaranga, wateja wapo Kibaigwa, Kongwa mpaka Bahi. Bodi nazichonga mwenyewe, na dawa ya kuchongea ni ile mafundi tunayoiita feriki. Jina kamili feriki kloraidi, waliosoma wanaandika FeCl3, yaani chuma kimoja na klorini tatu.

Kwa asiyejua kazi yenyewe: unanunua kipande cha bodi ya fiba kilichobandikwa utando wa shaba. Unachora njia za umeme kwa maka peni isiyofutika, au unachapa kwa printa ya leza kwenye karatasi ya kung'aa kisha unaihamisha kwa pasi ya moto. Halafu bodi inazama kwenye feriki. Shaba iliyo wazi inaliwa, iliyo chini ya wino inasalimika. Dawa ikiwa mpya na ya uvuguvugu, dakika 15 au 20 umemaliza.

Mwaka wa kwanza nilisikia kwamba ikipata joto inakula haraka. Nikachukua sufuria ya alumini ya mke wangu, nikamimina kama lita moja, nikaweka juu ya jiko la mkaa. Sikuwahi hata kutia bodi. Ilianza kuchemka yenyewe kabla mkaa haujashika vizuri, povu la kahawia likapanda, mvuke unaochoma pua, halafu kitako kikaachia. Dawa ikazima jiko na kutambaa sakafuni. Mpaka leo saruji pale ina doa la kutu na vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Sufuria yenyewe ilikuwa zawadi ya harusi, ila huo ni uzi mwingine.

Kilichonileta leo ni hiki. Feriki ikichoka inageuka kijani cheusi na haili tena. Miaka mitatu nimekuwa nikiimwaga kwenye shimo la zamani la choo nyuma ya kibanda. Wiki iliyopita mwenye nyumba ameleta watu wa kupima maji chini ya ardhi, anataka kuchimba kisima auze maji. Alama wameiweka hatua kama 40 kutoka kwenye shimo langu.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Wenye kujua kemia na maji naomba mnisaidie: nimemwaga nini hasa pale chini?

#2 Kigogo_Asili

Natia nanga hapa. Mkuu kabla ya kisima, mama bado yupo?

#3 Fundi_Nkuhungu

Yupo. Sufuria ndiyo haipo.

#4 Ticha_wa_Kongwa

Fundi, pole na hongera kwa kuuliza. Nafundisha kemia sekondari, ngoja nianze na sufuria, maana ukiielewa sufuria utaelewa na shimo.

Watu wengi wanadhani feriki inakula shaba kwa sababu ni asidi kali. Sivyo. Chukua asidi ya haidrokloriki ya maabara, tumbukiza msumari na kipande cha waya wa shaba. Msumari utatoa mapovu, waya utakaa tu unakuangalia. Asidi hiyo peke yake haiwezi shaba. Feriki inaiweza kwa sababu ina njaa ya elektroni. Chuma kilichomo ndani yake kimenyang'anywa elektroni tatu na hakijatulia, kinatafuta angalau moja irudi. Shaba inazo. Kwa hiyo chembe mbili za feriki zinaikaba chembe moja ya shaba, kila moja inachukua elektroni yake:

2FeCl3 + Cu → 2FeCl2 + CuCl2

Ndiyo maana hukuona mapovu bodi ikiliwa. Kwa wanaopenda namba, nguvu ya kuvuta elektroni ya chuma cha tatu (kilichopoteza elektroni tatu) kwenda cha pili (kilichopoteza mbili) ni volti 0.77, ya shaba ni 0.34. Mwenye 0.77 anashinda.

Sasa alumini. Hiyo inatoa elektroni kwa pupa, na kila chembe inatoa tatu. Kinachoilinda sufuria siku zote ni utando mwembamba wa oksidi, na asidi pamoja na kloridi za feriki vinautoboa utando huo. Ukishatoboka, joto linalotoka linaongeza kasi, kasi inaongeza joto. Humo humo asidi inatoa gesi ya haidrojeni, ambayo ilikuwa inapanda juu ya mkaa wako unaowaka. Kwa hiyo mshukuru Mungu kwamba iliyoondoka ni sufuria tu.

Huo mvuke wa kuchoma pua ni haidrojeni kloridi. Feriki ikikutana na maji huwa inavunjikavunjika kidogo na kuachia asidi hiyo, ndiyo maana hata kopo lake likifunguliwa siku ya mvua linafuka.

#5 Fundi_Nkuhungu

Ticha umenifungua. Siku hizi natumia beseni la plastiki, natia maji ya moto kwenye beseni kubwa, la dawa linaelea juu yake. Au naliacha juani dakika kumi, jua la Dodoma unalijua.

Na swali dogo. Kuna duka moja mjini niliwahi kununua mabonge ya manjano, magumu kabisa, nikayaweka kibandani. Mwezi wa Novemba nikafungua nikakuta uji. Nikamwendea muuzaji kwa maneno makali kwamba amenipiga. Alinipiga kweli?

#6 Ticha_wa_Kongwa

Hapana, nenda kamwombe radhi. Hayo mabonge ya manjano ni feriki iliyobeba maji ndani yake, chembe sita za maji kwa kila moja ya feriki. Inayeyuka kwenye nyuzi 37 tu. Joto la mwili wako! Kibanda cha mabati Novemba saa nane mchana kinapita hapo bila jasho.

Ile isiyo na maji ni kitu kingine kabisa. Fuwele zake mwanga ukizigonga kwa juu ni kijani kilichokolea, mwanga ukipenya katikati ni wekundu wa zambarau. Haiyeyuki mpaka uvuke nyuzi 300. Lakini ukiiacha wazi inanyonya unyevu wa hewani mpaka inaloa na kuwa maji yenyewe. Na ukiiyeyusha, tia unga kwenye maji kidogo kidogo, usimimine maji juu ya unga. Inatoa joto la kukurushia usoni.

Kipimo, maana najua mafundi mnakadiria kwa macho. Bodi ya kawaida ina shaba ya unene wa maikromita 35. Kipande cha sentimita 10 kwa 10 kina gramu 3 na kidogo za shaba. Kula gramu moja ya shaba unahitaji gramu 5 hivi za feriki kavu, au gramu 8 na nusu za hii ya mabonge. Kwa hiyo bodi hiyo ukiila yote inataka gramu 27 za mabonge. Ukiacha nusu ya shaba kwenye mchoro, 13 au 14.

#7 Mwana_Kidato6

Mwalimu samahani naomba nidandie. Darasani tumesoma kloridi ya chuma ya pili na ya tatu, na bromidi ya tatu kama kichocheo cha mmenyuko wa benzini. Lakini iodidi ya chuma ya tatu sijaiona popote. Kwa nini?

#8 Ticha_wa_Kongwa

Swali zuri kijana. Ni hadithi ile ile ya njaa. Chuma cha tatu kinamwibia yeyote mwenye elektroni zisizoshikwa vizuri. Florini inazishika kama mchawi na tunguri zake, kwa hiyo floridi ya chuma ya tatu ni imara. Klorini nayo inashika vizuri. Bromini inalegea: bromidi ya tatu ipo, ila ukiipasha moto inapita nyuzi 200 inaanza kuachia bromini na kushuka kuwa ya pili. Iodidi ndiyo maskini wa familia, yake ni volti 0.54, chini ya 0.77 ya chuma. Ukimimina feriki kwenye iodidi ya potasiamu hupati iodidi ya chuma ya tatu, unapata maji ya kahawia ya iodini. Chuma kimeshamwibia.

Na hiyo ya benzini: feriki haiendi pale kuibia mtu, inakwenda kupokea jozi ya elektroni kutoka kwa klorini au bromini ili kuidhoofisha. Kwa tabia hiyo hiyo inatumika viwandani kuunganisha klorini na ethilini, hatua ya kwanza kuelekea plastiki ya PVC. Hayo mabomba ya maji mnayofukia mtaani yana mkono wake.

#9 Bishoo_wa_AreaC

Mimi nauliza cha mtaani. Kama ina chuma, ukiweka tone kwenye maji inaongeza damu?

#10 Kigogo_Asili

Inaongeza. Itatoka puani.

#11 Ticha_wa_Kongwa

Mnacheka, lakini zamani wafamasia wa Uingereza waliuza kweli dawa ya maji yenye kloridi hii ya chuma, imezimuliwa sana, kwa watu waliopungukiwa damu. Ilichakaza meno na kuunguza tumbo. Vidonge vya wekundu wa damu vya leo vina chuma cha pili, ambacho utumbo unakipokea vizuri zaidi. Hii ya fundi ni kali ya kuunguza koo. Bishoo, usiiguse.

Heshima yake kubwa hospitalini ilikuwa kupima. Mwaka 1934 daktari wa Norway, Asbjørn Følling, aliletewa watoto wawili, dada na kaka, ambao akili zao hazikukua, na mama yao alikuwa amesumbuka sana kutafuta sababu. Akatia feriki kwenye mkojo wao. Mkojo wa kawaida huwa unabaki wa kahawia au wekundu, wao ukageuka kijani. Kuanzia hapo ukajulikana ugonjwa wa kurithi ambao mwili hauwezi kuvunja kijenzi kimoja cha protini iliyo kwenye chakula. Leo mtoto akigundulika mapema anapewa lishe maalumu na anakua salama. Tone la dawa ya kuchongea bodi.

#12 Mama_Zabibu

Jamani hapo kwenye rangi mmenigusa. Mimi nina shamba la zabibu upande wa Hombolo, tunakamua mvinyo kidogo wa nyumbani. Mwaka juzi tulikosa mapipa ya plastiki, shemeji akaleta pipa la chuma lenye kutu kutu. Mvinyo ukawa mweusi unaelekea bluu, na mashapo kama wino chini. Tulimwaga wote. Ni mambo haya haya?

#13 Ticha_wa_Kongwa

Ni yenyewe, mama. Asidi ya zabibu ilikwangua kutu, chuma kikaingia kwenye mvinyo, kikakutana na ule ukakasi wa maganda na mbegu. Chuma cha tatu na ukakasi vikikutana vinazaa weusi wa bluu, na ndio wino uliotumika Ulaya karne nyingi. Jaribu nyumbani: chai ya rangi nzito isiyo na sukari, dondoshea maji ya msumari wenye kutu uliolala kwenye siki. Inageuka nyeusi hapo hapo. (Usinywe.) Darasani tunatumia feriki hivyo hivyo kutambua fenoli, inatoa zambarau.

#14 Mama_Zabibu

Shemeji nimemtumia hii aisome. Alisema ni uchawi wa jirani.

#15 Mtambo_wa_Maji

Wakuu habari. Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye mitambo ya kusafisha maji ya bwawa, si hapa mjini. Feriki kwetu si dawa ya bodi, ni dawa ya tope, ndugu wa shabu. Naongezea hapo halafu nimjibu fundi.

Maji ya mvua ya huku kwetu yanakuja mekundu. Chembe za udongo wa mfinyanzi ni ndogo mno na zote zina chaji hasi, kwa hiyo zinasukumana, unaweza kukaa na ndoo siku tatu zisizame. Ukitia feriki kidogo, miligramu kadhaa mpaka makumi kwa lita kutegemea tope, chuma kinazima zile chaji, kisha chenyewe kinageuka kuwa mabonge laini ya haidroksidi, kama pamba ya rangi ya kutu. Mabonge yanazoa tope, bakteria wengi na rangi ya majani, yanazama. Juu unabaki na maji ya kuchuja na kutia klorini. Hakuna anayekunywa feriki, kwa sababu chuma karibu chote kinashuka na tope.

Shabu inafanya kazi ile ile, na nyanya zetu walitumia mbegu za mlonge. Shabu inataka maji yasiwe na asidi nyingi wala alikali nyingi, ikitoka nje ya kipimo alumini inabaki imeyeyuka majini. Chuma kina uvumilivu mpana zaidi, na bonge lake ni zito linazama haraka. Ubaya wa feriki ni tabia. Inakuja kama maji ya kahawia yenye nguvu ya asilimia 40 hivi, huwezi kuitunza kwenye tangi la chuma, hata chuma cha pua inakichimba vishimo. Ni plastiki, fiba au tangi la mpira ndani. Koki ya shaba? Sahau, fundi anajua kwa nini. Halafu inakula ule uwezo wa maji kuhimili asidi, karibu miligramu 0.9 za chokaa kwa kila miligramu moja ya feriki, kwa hiyo maji laini lazima uongeze chokaa.

Kwenye mitambo ya majitaka inafanya kazi mbili nyingine: inakamata fosfeti isiende kurutubisha magugu ya ziwani, na inafunga ile gesi ya mayai viza, hata kwenye mitambo ya gesi ya kinyesi.

Sasa fundi. Chuma ulichomwaga kisikutie presha. Ardhi ya Dodoma yenyewe ni nyekundu kwa chuma, umeongeza kijiko kwenye gunia. Kinachoniumiza kichwa ni shaba uliyoila kwenye bodi. Ile haikupotea. Umechonga bodi ngapi?

#16 Fundi_Nkuhungu

Kama 20 kwa mwezi, saizi ile ile ya kumi kwa kumi, miaka mitatu.

#17 Ticha_wa_Kongwa

Bodi 720. Tuseme kila moja imepoteza gramu moja na nusu. Kilo moja na gramu 80 za shaba.

Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa shaba kwenye maji ya kunywa ni miligramu 2 kwa lita. Kilo hiyo ikisambaa yote sawasawa, inafikisha lita 540,000 kwenye kikomo. Ni madumu 27,000 ya lita 20.

#18 Kigogo_Asili

Hapo sasa utani umeisha.

#19 Mjuaji_Nzuguni

Nyie mnamtisha fundi wa watu bure. Hesabu ya darasani hiyo. Shaba haitembei kwenye udongo kama chumvi, mfinyanzi na mboji vinaikamata hatua chache tu. Kisima chenyewe kitachimbwa mita ngapi? Mia? Na hatua 40 pembeni. Nitrati ya choo itamfikia mwenye nyumba miaka mingi kabla ya shaba ya fundi.

#20 Mtambo_wa_Maji

Mjuaji, nusu uko sawa na nusu hapana. Kweli shaba hukamatwa na udongo, na hesabu ya ticha ni ya kama ingesambaa yote, ambayo haitatokea. Na kweli choo chenyewe karibu na kisima ni tatizo kubwa zaidi, huko sibishi, nitrati haishikwi na udongo.

Lakini hakumwaga shaba kavu. Amemwaga shaba ndani ya asidi. Asidi inaiachisha shaba mkono wa udongo, na kila ndoo mpya inasukuma ya zamani chini kidogo. Tena kwenye shimo la choo, shaba inaua bakteria wanaosaga uchafu, kwa hiyo choo chenyewe kinakuwa shimo tu. Na kumbuka mji huu tunategemea nini. Maji ya bomba ya Dodoma kwa miaka mingi yanatoka visima virefu vya Makutupora, si mtoni. Tumezungukwa na watu wanaochimba visima vyao kila mtaa tangu serikali ihamie. Mji ukiwa juu ya mtungi wake, hutoboi mtungi.

#21 Mjuaji_Nzuguni

Hapo kwenye asidi nakubali. Apime basi tuache kubishana.

#22 Mnyaturu_Halisi

Nisaidieni na sisi wa Singida. Visima vyetu vina floraidi, watoto meno ya kahawia. Hii feriki inaweza kuitoa?

#23 Mtambo_wa_Maji

Haifai kwa hilo, chuma kinakamata floraidi kidogo sana. Njia ya shabu nyingi pamoja na chokaa, ilianzia Nalgonda kule India, inafanya kazi ila inataka usimamizi. Kwetu iliyofanyiwa kazi sana ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kituo cha Ngurdoto kule Arusha ndiyo kazi yao. Anza hapo, usihangaike na feriki.

#24 Mchimbaji_Mdogo

Wakuu nasikia kwenye bodi za kompyuta kuna dhahabu na hii dawa inaitoa. Kweli?

#25 Fundi_Nkuhungu

Haiitoi, inaiacha. Dhahabu haiwezi, inakula shaba iliyo chini yake, na yale magamba ya dhahabu yanaelea kama ngozi ya vitunguu. Mimi nilijaribu na meno ya kadi za zamani, kisado kizima cha kadi nikapata kitu cha kuziba jicho la sisimizi. Dawa niliyotumia ina thamani zaidi. Na wale wanaochanganya asidi na maji ya jiki ndani ya nyumba, ile ni gesi ya klorini, mtawazika.

#26 Fundi_Nkuhungu

Sasa wakuu, nina ndoo mbili za dawa iliyochoka hapa. Nizifanyeje?

#27 Ticha_wa_Kongwa

Kwanza usiite imekufa. Kama bado ina maisha kidogo, iache kwenye beseni pana ipate hewa na tone la asidi ya haidrokloriki, oksijeni inairudishia njaa taratibu. Mafundi wengi wanamwaga dawa ambayo ilikuwa imesinzia tu.

Ikikataa kabisa, rudisha shaba kwanza. Vaa glavu na miwani. Tumbukiza misumari ya zamani, vipande vya nondo au stili waya. Sasa mambo yanageuka: chuma kitupu kinaachia elektroni kwa urahisi kuliko shaba, kinaigawia, shaba inarudi kuwa shaba na kujibandika kwenye misumari kama ukurutu mwekundu. Kaa nje penye hewa, kuna haidrojeni kidogo itatoka. Ipe siku mbili tatu, ukikoroga kwa kijiti. Rangi ikitoka kwenye kijani cha bluu ikabaki kijani hafifu, na msumari msafi ukiutumbukiza hauwi mwekundu tena, shaba karibu yote imetoka.

Halafu magadi soda, kidogo kidogo. Nasema kidogo kidogo kwa sababu linapanda povu kama togwa iliyovuka siku. Endelea mpaka povu likome. Chini kutatuama tope la kijani chafu ambalo litageuka kahawia likipata hewa.

#28 Mtambo_wa_Maji

Nakazia: maji ya juu yakishatulia na kuwa maangavu yana chumvi tu, yazimue. Tope lianike kwenye karatasi ya nailoni likauke, lichanganye na saruji kidogo, likikaza liende dampo kama kipande cha zege. Usilitie shambani eti ni mbolea ya chuma, bado lina mabaki ya shaba.

Na fundi, shimo lile lifunge. Hata tone lisiingie tena.

#29 Bishoo_wa_AreaC

Na ikikurukia?

#30 Fundi_Nkuhungu

Ngozi maji mengi na sabuni, utabaki na vidole vya mvuta sigara siku tatu nne. Jichoni ni maji yanayotiririka robo saa nzima halafu hospitali, usipake chochote. Nguo ndio hivyo tena, doa la kutu. Limau na chumvi juani hupunguza, lakini kanga ya mke wangu imekataa.

Na msiweke kwenye chupa za soda au za maji! Rangi yake ni ya chai ya rangi kabisa. Mwanangu alishashika chupa moja mkononi, kifuniko kimeshafunguka. Nilivyoruka siku ile mpaka leo goti linauma.

#31 Fundi_Nkuhungu

MREJESHO, siku ya kumi na mbili.

Nimefanya kama ticha alivyosema. Misumari ya kilo moja ya inchi tatu. Siku ya kwanza nilirudi jioni nikakuta imevaa nguo nyekundu, ukigusa inamwagika kama unga wa pilipili. Siku ya tatu maji yamekuwa kijani hafifu. Magadi nilitia haraka mara moja tu, povu likanifuata mpaka mlangoni, tangu hapo natia kwa kijiko. Tope nililipata kijani, asubuhi juu limekuwa kahawia kama kuku wa kukaanga. Sasa lipo kwenye nailoni linakauka, mbwa wa jirani amepita akanusa akaondoka zake.

Unga wa shaba nimeosha na kukausha, upo kwenye kopo la rangi. Kama robo kilo hivi ukichanganya na misumari iliyovunjika.

#32 Ticha_wa_Kongwa

Safi sana! Naomba vijiko viwili nikawaonyeshe kidato cha nne, nitampa mtu wa basi la Kongwa akupitie.

#33 Kigogo_Asili

Na mwenye nyumba umemwambia?

#34 Fundi_Nkuhungu

Nilimwambia juzi. Nilimkuta amekaa nje, nikamwamkia, shikamoo baba, nikakaa chini kabisa nikamweleza yote, shimo, shaba, madumu 27,000, na kwamba udongo huenda umeshika ila lazima kupima. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kusema neno. Halafu akaniuliza kama hii shaba inauzwa kilo shilingi ngapi.

Nikamwambia. Akatikisa kichwa. Alama ya kisima ameihamishia upande wa pili wa kiwanja, juu ya mteremko, mbali na vyoo vyote, na amesema kikishachimbwa sampuli itakwenda maabara ya maji kabla mtu hajanywa kikombe kimoja.

Gharama ya vipimo imeingia kwenye kodi yangu ya mwezi ujao.